Picha ya Kitu Kisichotulia

Ukimlaza mtu na kumwambia asitikisike, mguu wake utatulia, kichwa kitatulia, hata mkono unaotetemeka hupata nafuu ukishikwa. Moyo hauambiki. Kwa mtu mzima aliyepumzika hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika, na kila pigo linaukaza, linausokota kidogo na kulivuta shina lake kuelekea kwenye ncha, kisha unajiachia. Papo hapo umekaa juu ya kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, nacho hupanda na kushuka kwa kila pumzi na kuubeba moyo mzima. Anayetaka kuupiga picha kwa MRI anakifuata kitu chenye mienendo miwili kwa wakati mmoja, tena kwa mashine ambayo kwa asili yake hukusanya picha polepole. X-ray ya kifua humalizika kabla mtu hajapepesa jicho. MRI haiwezi hivyo.

Picha zikitoka safi, kuta za moyo zimechongeka, vali zinaonekana zikifunguka na kufunga, damu nyeupe chumbani na msuli wa kijivu pembeni yake, ni rahisi kuisifu mashine. Mimi sifa kubwa nampa mtu aliye upande wa pili wa kioo. Sehemu kubwa ya ubora wa picha ile huwa imeshapatikana, au imeshapotea, kabla mashine haijaanza kugonga ile milio yake.

Kwa watu wa Handeni na Korogwe kipimo hiki kiko mbali, na umbali huo nao huingia kwenye picha. Mgonjwa wa moyo huanzia zahanati au kituo cha afya, hufika hospitali ya wilaya, ambayo kwa Korogwe ni Magunga, hupewa rufaa ya Bombo mjini Tanga, na jambo likizidi hupelekwa Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete na Hospitali ya Taifa Muhimbili. Wengi hawahitaji kufika kwenye MRI. Ultrasaundi ya moyo, ile ambayo wagonjwa wamezoea kuiita eko, hujibu maswali mengi: vali zilizoharibika baada ya maambukizi ya koo ya utotoni, moyo uliotanuka, moyo ulionenepa kwa shinikizo la damu la miaka mingi. Tena inabebeka, wataalamu wanaweza kuipakia kwenye gari wakawafuata wagonjwa mikoani. MRI hubaki kwa maswali yaliyokataa kujibiwa. Msuli huu umekufa au umechoka tu? Una kovu? Je, umejaa madini ya chuma kutokana na damu ambazo mtoto mwenye selimundu ameongezewa mara nyingi?

Tuseme basi anayekwenda ni mama wa makamo kutoka Sindeni, mkulima wa mahindi. Miguu inamvimba, na akilala chali anakosa hewa. Kutoka mji wa Handeni hadi Mkata ni kilomita 54, halafu ni barabara kuu hadi Chalinze, halafu foleni za kuingia Dar es Salaam. Ameketi saa nyingi na miguu imejaa. Dawa ya kutoa maji huenda hakuimeza asubuhi hiyo, kwa kuwa basi halisimami kila abiria anapotaka kujisaidia. Anapofika kwenye kitanda cha mashine, mapafu yana maji mengi kuliko jana, kulala chali dakika tano ni mtihani, na kipimo cha moyo kinaweza kuchukua dakika 45 au saa nzima.

Hapo hakuna kitufe cha kubonyeza. Fundi anayeijua kazi yake huanza kwa kinywa.

"Shikamoo mama. Umefika salama?"

"Marahaba mwanangu. Tumefika, ila nimechoka."

"Pole. Dawa za leo umekunywa?"

Jibu la swali hilo ni taarifa ya kitaalamu sawa na urefu na uzito wake. Akisikia kwamba hakunywa, humrudisha kwa daktari, mgonjwa apunguzwe maji, alale, arudi kesho. Kesho yake picha itakuwa bora zaidi, na kwenye mashine hakuna kilichobadilishwa hata kimoja. Nawastahi watu wenye ujasiri wa kuahirisha kipimo kilichosubiriwa kwa wiki kadhaa, kwa sababu wanajua kuwa picha mbaya itakayopatikana leo itamrudisha mama huyo barabarani mara ya pili.

Kisha huja kuvua. Sumaku ya kazi hii kwa kawaida huwa ya tesla 1.5, yenye nguvu kuliko ile ya dunia inayogeuza sindano ya dira kwa makumi ya maelfu ya mara, na huwa iko kazini usiku na mchana hata chumba kikiwa kimya. Hereni, vikuku, pini za mtandio, vibanio vya nywele, sidiria yenye vyuma, sarafu zilizofungwa kwenye pindo la kanga, vyote hubaki nje. Sababu ya kwanza ni usalama. Ya pili ni picha: kipande kidogo cha chuma karibu na kifua hupinda uga wa sumaku, na mahali ambapo ukuta wa moyo ungeonekana hubaki shimo jeusi lenye kingo zilizovutika. Hirizi ndiyo hutaka adabu kuliko vyote. Nyingine zimeshonwa kwa ngozi tupu, nyingine zina kifuko cha bati, na huwezi kujua kwa kutazama. Fundi mzuri haikunjii uso wala haisemi vibaya. Humwomba mama aivue kwa mkono wake mwenyewe na kumkabidhi nduguye aliyemsindikiza. Mgonjwa aliyedhalilishwa hapumui vizuri, na tutafika kwenye pumzi.

Wanaume wa ukanda wa mkonge wana swali lao. Aliyefanya kazi kiwandani Ngombezi au Hale, akawa fundi wa korona, ile mashine inayochuna majani ya mkonge, huenda amenoa na kukata chuma miaka mingi bila miwani. Chembe ya chuma iliyoingia jichoni zamani na kusahaulika inaweza kusogea ndani ya sumaku na kumpofusha. Kwa hiyo huulizwa: umewahi kuchomelea, kusaga chuma, kuingiwa na kitu jichoni? Akisita, X-ray ya macho hutangulia. Swali linachukua nusu dakika, lakini anayeliuliza lazima ajue kazi za watu anaowahudumia. Aliyeandikwa "mstaafu" kwenye fomu alistaafu kutoka kwenye kazi fulani.

Halafu ngozi. Mashine inahitaji kujua moyo unapiga lini, na huambiwa na elektrodi, kwa kawaida nne, zinazobandikwa kifuani. Mtu wa kwetu hasafiri kwenda kwa wakubwa bila kuoga na kujipaka mafuta, ni heshima yake, na mafuta hayo ndiyo adui wa kwanza wa elektrodi. Jasho la pwani ni la pili. Kifua hufutwa, hukaushwa, husuguliwa kidogo, na nywele zikiwa nyingi hunyolewa. Nyaya hulazwa zikiwa zimenyooka bila kufanya kitanzi, maana kitanzi kinaweza kupata joto na kumuunguza mtu.

Hata hivyo shida yenyewe haijafika. Damu ina chumvi, na maji ya chumvi hupitisha umeme. Damu inayokwenda kasi kwenye aota, mshipa mkuu utokao moyoni, ikiwa ndani ya sumaku kali huzalisha umeme wake mdogo, na umeme huo hujipachika juu ya alama ya moyo. Wimbi dogo linalofuata baada ya pigo huvimba, wakati mwingine likalingana na wimbi la pigo lenyewe, na mashine ikahesabu mapigo mawili palipo na moja. Alama iliyokuwa safi mgonjwa akiwa nje huharibika mara tu kitanda kinapoingia ndani, na kadiri sumaku inavyokuwa na nguvu zaidi ndivyo inavyoharibika zaidi. Mashine za sasa zina programu za kutofautisha mawimbi hayo kwa mwelekeo wake, na zinasaidia sana. Bado utamwona mtaalamu akikirudisha kitanda nje, akibandua elektrodi moja na kuihamisha sentimita mbili tu, akikiingiza tena, akiitazama mistari kwenye skrini, akikitoa tena. Asiyejua ataona anapoteza muda. Yeye anatafuta pembe ambayo wimbi la pigo litasimama peke yake.

Kwa nini pigo moja liwe na thamani yote hiyo? Kwa sababu picha moja ya moyo haipigwi kwa pigo moja. Kwa kila pigo mashine hukusanya sehemu ndogo tu ya taarifa za kila hatua ya mzunguko, kwa kawaida hatua 25 au 30, kisha hungoja pigo linalofuata ili ikusanye sehemu nyingine ya hatua zilezile. Baada ya mapigo kama kumi huziunga zote zikawa picha moja inayocheza. Ni kama kushona mkeka: kila pigo hutoa ukili mmoja, na kazi nzuri hutegemea kili zote ziwe na upana ule ule. Pigo moja likiwahi, jingine likichelewa, kingo hazikutani, na ukuta wa moyo unaotakiwa kupimwa kwa milimita huwa na ukungu.

Wagonjwa wanaohitaji kipimo hiki kuliko wengine ndio wenye mapigo mabaya kuliko wengine. Moyo uliotanuka mara nyingi hupiga ovyo. Fundi ana njia kadhaa na kila moja ina bei yake. Anaweza kuiambia mashine iyatupe mapigo yaliyowahi, na hapo mgonjwa atazuia pumzi kwa muda mrefu zaidi. Anaweza kupiga picha za papo kwa papo, zisizongoja pigo wala pumzi, akakubali ziwe na punje kubwa. Anaweza kumwomba daktari ayatulize mapigo kwa dawa kwanza. Kuchagua kati ya hizo, mgonjwa akiwa ameshalala na wengine wakingoja nje, ni ujuzi unaokuja polepole sana.

Na sasa pumzi. Kama ningeulizwa ni jambo gani moja linaloitenganisha picha nzuri na mbaya katika kipimo cha moyo, ningetaja hili bila kufikiri mara mbili. Mgonjwa huombwa azuie pumzi sekunde kumi hadi kumi na tano, aachie, apumzike, azuie tena; na kwa kipimo kizima anaweza kuombwa hivyo mara ishirini au thelathini. Moyo hukatwa kwa picha vipande vipande kuanzia shina hadi ncha, kila kipande kwa pumzi yake. Ikiwa pumzi ya kipande cha nne haikuzuiwa pale pale palipozuiwa ya kipande cha tatu, vipande hivyo havipangani. Sehemu moja ya msuli itahesabiwa mara mbili na nyingine itarukwa, na kiwango cha damu ambacho moyo unasukuma kitakachoandikwa kwenye ripoti kitakuwa na kosa lisiloonekana kwa macho.

Wengi wetu tukiambiwa tuzuie pumzi tunavuta hewa nyingi kwanza, na kila mara tunavuta kiasi tofauti. Kwa sababu hiyo wataalamu wengi huomba pumzi izuiwe baada ya kuitoa. Kiwambo kikishapumzika hurudi karibu na mahali pale pale, mara ya kwanza na mara ya ishirini. Tatizo ni kwamba kukaa bila hewa mapafu yakiwa yametolewa upepo ni kugumu kuliko kukaa nayo yamejaa, na kwa mwenye moyo mdhaifu kunaogofya. Basi hufundishwa nje ya mashine, ameketi, kabla ya chochote. Mtaalamu huweka kiganja cha mama juu ya tumbo la mama mwenyewe ili ausikie mwendo. "Vuta. Toa. Vuta. Toa. Hapo hapo, usipumue." Kisha kimya. "Haya, pumua." Wanarudia. Siku zote kuna anayesikia "usipumue" akavuta pumzi kubwa ya kujiandaa. Huonyeshwa kwa upole, bila kuchekwa, na kurudia tena.

Maneno yakishachaguliwa hayabadilishwi. Akifundishwa kwa "usipumue" halafu ndani ya mashine asikie "shikilia", atasita kwa nusu sekunde, na nusu sekunde inatosha kuharibu. Bibi kutoka vijiji vya ndani vya Handeni anayekielewa Kiswahili lakini mwili wake unatii Kizigua haraka zaidi, au mzee wa Bungu aliyezoea Kisambaa, anaweza kuombewa nduguye amfundishe maneno manne kwa lugha ya nyumbani. Sauti ya mtaalamu kwenye kipaza sauti nayo ni chombo cha kazi. Ikienda haraka, mgonjwa hupumua haraka. Wako wanaosoma idadi iliyobaki, "zimebaki sita mama, unafanya vizuri", na nimeona jinsi uso wa mtu unavyolegea akisikia kwamba mwisho upo. Kwa asiyeweza kabisa, mashine inaweza kukifuatilia kiwambo chenyewe na kuchukua taarifa pale tu kinapopita kwenye dirisha dogo la milimita chache. Picha huchukua dakika badala ya sekunde, lakini hupatikana.

Kazi hii ina ndugu wa karibu Korogwe penyewe, na ndugu huyo ana sifa duniani. Mwaka 2007, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ilishiriki kwenye jaribio la chanjo ya malaria ya RTS,S lililofanyika Korogwe na Kilifi nchini Kenya kwa watoto 894 wa umri wa miezi 5 hadi 17. Korogwe ilikuwamo tena kwenye jaribio kubwa lililofuata katika nchi saba za Afrika, na Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza chanjo hiyo itumike. Nyuma ya matokeo hayo kuna watu waliokaa kwenye hadubini wakisoma slaidi za damu. Nao wanajua kwamba vimelea havionekani kwa kutazamwa tu. Tone likitandazwa nene mno, hakisomeki chochote. Asidi ya maji ya kuchanganyia rangi ya Giemsa isipokuwa sawa, kiini cha kimelea hakikolei. Rangi isipochujwa, punje zake hujifanya vimelea. Na slaidi ya utafiti husomwa na watu wawili, kila mmoja peke yake, wakitofautiana sana anaitwa wa tatu. Mtu aliyelelewa katika nidhamu hiyo angeingia chumba cha MRI akaona yuko nyumbani.

Yapo pia mambo ambayo ni mapatano na maumbile tu. Kila picha imejengwa kwa punje, na kila punje inawakilisha kijisehemu cha mwili. Kwa moyo, unene wa kipande huwa kama milimita 8, na upana wa punje milimita moja na nusu hadi mbili. Kwa nini tusifanye punje ndogo zaidi tuone vizuri? Kwa sababu mawimbi yanayotoka mwilini, ambayo mashine huyageuza picha, ni hafifu, na punje ndogo hutoa kidogo zaidi. Ukiipunguza punje kwa nusu kila upande, mawimbi yake hubaki sehemu moja ya nane. Na ukitaka kuyarudisha kwa kurudia kupiga, itakubidi urudie mara 64. Hakuna mgonjwa wa kuzuia pumzi hivyo. Kwa hiyo kila kipimo ni mgawanyo wa mali moja ndogo kati ya warithi watatu: uwazi, ukali na muda. Kuna njia za kuharakisha, zilizokuja mwishoni mwa miaka ya 1990, zinazotumia koili nyingi, yaani antena za kupokea mawimbi, kwa pamoja kukisia taarifa zilizorukwa, lakini nazo zikisukumwa mno picha hujaa chengachenga, hasa katikati, na moyo uko katikati.

Koili yenyewe, ile inayolazwa kifuani kama bamba, lazima ikae juu ya moyo barabara. Ikiteleza kidogo, upande mmoja wa moyo hufifia. Mikono ikiachwa pembeni ya mgonjwa mnene na fremu ya picha ikiwa ndogo, mkono hujikunja ukatokea katikati ya kifua, juu ya moyo, na asiyejua anaweza kuuandikia ugonjwa. Hayo mtaalamu huyaona na kuyarekebisha kwa muda mfupi kuliko niliotumia kuyaeleza.

Michirizi myeusi ndiyo inayonivutia zaidi. Aina ya picha inayotumika sana kwa moyo, ile inayoifanya damu iwe nyeupe na msuli wa kijivu, ni nyepesi kuudhika: inataka uga wa sumaku uwe sawasawa kila mahali. Lakini moyo umezungukwa na mapafu yaliyojaa hewa, na chini yake lipo tumbo lenye gesi, na penye mpaka wa hewa na nyama uga hupinda. Michirizi myeusi huzuka, ikakata ukuta wa moyo au kuingia ndani ya chumba kana kwamba damu imeganda pale. Ukienda kwenye sumaku ya tesla 3, yenye mawimbi mengi zaidi, michirizi huongezeka nayo, ndiyo sababu vituo vingi vya moyo vimebaki na tesla 1.5 kwa hiari yao. Dawa yake ni kusawazisha uga kwenye kisanduku kidogo kinachouzunguka moyo pekee, kisha kupiga picha kadhaa za majaribio, kila moja kwa masafa yaliyosogezwa kidogo, na kuchagua ile ambayo michirizi imekimbilia pembeni. Haiondoki. Inasukumwa ikae mahali isipodhuru. Kujua mahali hapo ni kujua moyo.

Mwisho huja dawa ya gadoliniamu, kwa wale ambao figo zao zinaruhusu. Hudungwa mshipani, na baada ya dakika kumi hivi huwa imeondoka kwenye msuli mzima lakini imekwama kwenye kovu. Mtaalamu huchagua muda maalumu, kwa tesla 1.5 ni karibu na milisekunde 200 hadi 300, ambao msuli mzima hutoka mweusi kabisa na kovu jeupe. Akikosea, msuli huwa wa kijivu wenye madoa na kovu hujificha ndani yake. Na shabaha yenyewe inatembea: dawa inavyozidi kutoka mwilini, muda sahihi hurefuka, hivyo uliofaa kwa kipande cha kwanza haufai kwa cha kumi. Lazima aujongeze taratibu huku akiendelea kutoa amri za pumzi kwa mama aliyekwishachoka.

Afrika Mashariki ina ugonjwa ambao picha hii inauonyesha kwa ufasaha wa ajabu. Mwaka 1948, mwanapatholojia J. N. P. Davies aliyekuwa Mulago, Kampala, alieleza mioyo ambayo utando wake wa ndani ulikuwa umegeuka kovu nene lililojaza ncha. Kwa miongo mingi waliouona wazi walikuwa wapasuaji wa maiti. Kwa MRI iliyopigwa vizuri, ncha ya moyo wa mtu aliye hai huonekana ina tabaka tatu: msuli mweusi, kovu jeupe, na damu iliyoganda, nyeusi, juu yake. Kwa muda uliochaguliwa vibaya, tabaka hizo tatu huwa doa moja la kijivu.

Kwa mtoto wa selimundu aliyeongezewa damu mara nyingi kipimo ni kifupi zaidi, pumzi moja tu, na hutafuta madini ya chuma. Chuma hufanya mawimbi yafe haraka. Yakififia kwa chini ya milisekunde 20, moyo umeanza kulundika chuma, na chini ya 10 hatari ya moyo kushindwa ni kubwa. Hapo ufundi uko katika kuchagua mahali pa kupimia. Hupimwa kwenye ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya chini, kwa sababu ukuta wa nje umepakana na mapafu, na hewa ya mapafu nayo huyafifisha mawimbi kwa namna ile ile ya chuma. Pima pasipopasa, na mtoto mzima ataandikiwa dawa za kutoa chuma ambacho hana.

Natamani kuona siku ambayo haya yote yako karibu zaidi na Segera, huku Handeni, kuliko na Ilala, Dar es Salaam. Dalili zipo. Mwaka 2022, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara nchini Uganda, akiwamo Johnes Obungoloch, pamoja na wenzao wa Leiden, Uholanzi, waliunganisha papo hapo chuoni mashine ya MRI ya sumaku za kudumu, ya tesla 0.05 hivi, isiyotaka heliamu wala umeme mwingi, kwa ajili ya watoto wenye vichwa vikubwa. Ni kazi inayostahili kupigiwa makofi Afrika Mashariki nzima. Moyo bado haumo humo. Mawimbi ya sumaku hiyo ni machache, nayo huhitaji dakika nyingi za utulivu, ambazo kichwa kinaweza kutoa na moyo hauwezi.

Mpaka hapo, yule mama wa Sindeni bado yuko ndani ya mashine, na zimebaki pumzi tatu. Amechoka. Kipande cha karibu na shina kimetoka na ukungu, kimerudiwa, kimetoka na ukungu tena. Mtaalamu anaweza kumlazimisha mara ya tatu. Anatazama alichonacho: kovu limeonekana, ncha ni safi, swali la daktari limeshajibiwa. Anabonyeza kipaza sauti na kumwambia apumue anavyotaka. Kwenye ripoti, mahali ambapo wengi wangenyamaza, anaandika kwamba picha za sehemu ya shina zina kasoro ya pumzi na vipimo vya hapo visitegemewe.